Kitenzi "canu" katika Kiwelshi: maana, asili na maumbo yake

Kamusi hutafsiri kitenzi cha Kiwelshi canu kuwa kuimba, ingawa matumizi yake ni mapana zaidi. Huko Wales kitenzi hicho hicho hutumika kwa kinubi (canu'r delyn), kwa kengele (canu cloch), kwa honi (canu corn) na hata kwa jogoo. Yaani pale Kiswahili kinapohitaji kupiga au kuwika, Kiwelshi hutosheka na canu. Katika ushairi wa kale kilimaanisha pia kutunga: hati ya karne ya 13 yenye shairi la Y Gododdin inaeleza, kwa tahajia ya leo, "Aneirin a'i cant", yaani Aneirin ndiye aliyelitunga. Umbo hilo la cant, lenye kiambishi -t cha wakati uliopita, limekwishatoweka, na leo husemwa canodd.

Kwa kuwa Kilatini kina canere kwa maana hiyo hiyo, ni rahisi kudhani kwamba neno hili liliachwa na Waroma, kama lilivyoachwa ysgrifennu, kuandika. Sivyo. Canu ni urithi wa Kikelti, familia ya lugha ambamo Kiwelshi kimo, pamoja na kanañ ya Kibretoni (lugha ya Kikelti ya huko Ufaransa), na canere ni ndugu yake tu, si mzazi.

Katika maandishi rasmi husemwa canaf (ninaimba au nitaimba), ceni (unaimba), cân (anaimba), canwn, canwch na canant. Irabu a hugeuka e katika ceni, katika cenais (niliimba) na katika cenir, umbo lisilomtaja mtenda, kwa sababu ya irabu i iliyofuata. Katika mazungumzo, hata hivyo, maumbo mengi kati ya hayo husikika kwa nadra: canu hubaki kama kitenzi-jina, sawa na kuimba kwetu, na kitenzi cha kuwa ndicho kinachobeba wakati, kama katika mae hi'n canu (anaimba) na roedd hi'n canu (alikuwa akiimba).

Linalowatatiza zaidi wanafunzi ni konsonanti ya mwanzo, ambayo hubadilika kulingana na neno linalotangulia: fy nghanu ni kuimba kwangu, ei ganu ni kuimba kwake mwanamume, ei chanu ni kuimba kwake mwanamke. Ukanushi nao huleta badiliko, hivyo canodd hi (aliimba) huwa chanodd hi ddim (hakuimba). Anayekutana na maumbo hayo asiyatafute kwenye kamusi kwa herufi anayoiona. Yote yamo chini ya c.