Mtoto akinyamaza, msiseme amezoea

Kuna neno huwa linanitia hofu kila mlezi anapolitamka mbele yangu: "Ameshazoea." Hulisikia sana wiki ya tatu au ya nne baada ya mtoto kuhamia kwa shangazi, kwa babu, au kwa familia iliyokubali kumlea. Wiki ya kwanza alilia, akagoma kula, akawa anakaa karibu na mlango. Sasa halii. Anaamka mapema, anatandika kitanda, akiulizwa anajibu. Katika nyumba yenye sheria kali mtoto wa hivyo husifiwa, na hakuna anayemtilia shaka.

Mimi ni mnasihi wa watoto, na huyo ndiye ninayemtilia shaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wawili wa Uingereza, James Robertson na John Bowlby, waliandika kuhusu watoto wadogo waliolazwa hospitalini bila wazazi wao. Kwanza mtoto alipinga: alilia, akaita, akawasukuma wauguzi. Kisha akakata tamaa, akawa mnyonge. Baadaye akachangamka na kucheza na kila mtu, ila mama alipokuja alimgeuzia uso. Wauguzi waliona mtoto ametulia. Robertson na Bowlby waliona amejitenga, amefunga moyo kwa kuwa kuuacha wazi kulimuumiza mno. Watoto wale walikuwa wadogo kuliko wengi ninaowahudumia, kwa hiyo sidai kwamba kila mtoto hupita njia hiyo hatua kwa hatua. Lakini kosa la watu wazima ni lilelile: tunapima nafuu ya mtoto kwa utulivu wetu sisi.

Nyumba kali huongeza mzigo mwingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mtoto huyu hupewa jembe kabla hajajua shamba liko wapi. Sheria zilizotamkwa hazimsumbui sana. Zinazomchosha ni zile ambazo wenyeji wamezizoea hata hawazioni: kiti gani ni cha nani, mlango upi unabishwa, swali gani haliulizwi mezani. Kijana mmoja wa miaka minane aliniambia kuwa usiku alikuwa akilala na kiu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kama inaruhusiwa kuamka kunywa maji. Mlezi wake alilia aliposikia. Hakuwahi kukataza, hakuwahi tu kusema.

Mtoto anayesoma nyuso za watu kutwa nzima hana nafasi ya kulia mchana. Kwao humrudia taa zikizimwa, au siku isiyo na shughuli. Na asipopata pa kusemea, mwili humsemea: tumbo linauma asubuhi, kichwa kinauma, usingizi haueleweki. Wengine huanza kukojoa kitandani ingawa walishaacha kwa miezi 6 au zaidi. Hapo mpelekeni kwa daktari kwanza, maana huenda ni maambukizi au hata kisukari. Lakini kumwadhibu hakusaidii kwa vyovyote. Jambo hilo hutokea akiwa usingizini, hana uwezo nalo.

Kuhusu simu nina msimamo mkali. Walezi wengi huniambia, "Akiongea na mama yake analia hadi usiku, kwa hiyo tumesitisha." Simu haijaleta machozi, imeyafungulia tu. Kinachomvuruga ni kutojua itapigwa lini. Pangeni siku na saa, msivunje ahadi, na mmoja wenu akae naye dakika kumi baada ya simu kukatwa, hata kama hamtaongea. Akija na nguo au shuka yenye harufu ya kwao, msiifue haraka.

Sisemi mlegeze sheria. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alitofautisha mzazi anayedai nidhamu huku akieleza sababu na kumsikiliza mtoto, na yule anayetoa amri tupu. Wote wawili ni wakali, ila mtoto haishi maisha mamoja kwao. Babu anaweza kubaki na saa yake ya kulala palepale ilipo. Ninachomwomba ni kuitaja sheria kabla haijavunjwa, aseme kwa nini ipo, na kosa la kwanza lirekebishwe bila adhabu.

Majuzi mlezi mmoja alikuja amekasirika. Binti aliyekaa kwake miezi miwili bila neno alibamiza mlango, akapiga kelele kwamba anataka kwao, akalia mbele ya watu wote. "Ameharibika," akasema. Nilimuuliza alilia akiwa wapi. Akafikiri kidogo. "Alinishika nguo," akasema. Nikamwambia amwonye kuhusu mlango peke yake, na kwa machozi yale asimwambie kitu. Amwache aendelee kumshika.