Uanamazingira: Maana Yake na Namna Ulivyokua Katika Jamii

Manispaa ya Moshi imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi miongoni mwa miji safi kabisa ya Tanzania, na mgeni anayeshuka stendi huonywa mapema na mwenyeji wake kwamba hapa ganda la ndizi halitupwi barabarani, maana faini ipo na inatozwa. Wengi wakiulizwa uanamazingira ni nini, huutaja usafi huo kwanza. Jibu hilo si baya, ila ni kipande kidogo cha jambo lenyewe. Usafi unashughulika na kinachoonekana barabarani, ilhali mwanamazingira ataendelea kuuliza taka zilizozolewa asubuhi zimepelekwa wapi, nani anaishi jirani na dampo, moshi wa taka zinazochomwa unavutwa na watoto wa nani, na uamuzi wa kuliweka dampo mahali hapo ulipitishwa katika kikao gani.

Uanamazingira, basi, ni msimamo unaoshikilia kwamba ardhi, maji, hewa, misitu na viumbe hai ni jambo la jamii nzima, na kwa hiyo matumizi yake hayawezi kuachiwa mwenye fedha au cheo peke yake. Ni harakati pia, kwa kuwa wanaoushika msimamo huo hukusanyika, hudai, hushtaki na hushawishi watunga sheria. Hapo ndipo unapoachana na ndugu zake wawili, sayansi ya mazingira na uhifadhi. Mtaalamu anayepima floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, katika maji ya Arusha anafanya sayansi, naye atakueleza kwamba floridi hiyo inatoka katika miamba ya volkano na hakuna kiwanda cha kulaumiwa. Askari anayelinda mpaka wa hifadhi anafanya uhifadhi. Wakazi wanaodai waelezwe kiwango cha floridi katika bomba lao, na kutaka kujua kwa nini mtaa wa pili umepata maji salama kabla yao, wanafanya uanamazingira, hata kama hawajawahi kujiita hivyo.

Mtu asidhani kwamba fikra hizi zililetwa na wageni. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji inayotoa maji mitoni na kuyapeleka vihambani, kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, zamani sana kabla ya kuja kwa serikali ya kikoloni. Mfongo hauwezi kuendeshwa na mtu mmoja. Maji yalikwenda kwa zamu; kila aliyefikiwa na zamu yake aliondoa kizibo cha udongo na majani ya mgomba, maji yakaingia shambani kwake, kisha akaziba tena ili mwenzake wa chini apate. Mvua kubwa zilipobomoa kingo, wote waliokunywa maji hayo waliitwa kazini, na aliyekwepa alitozwa, mara nyingi kwa mbege, pombe ya ndizi. Kihamba chenyewe kilipangwa kwa akili hiyo hiyo: migomba, na baadaye kahawa, chini, miti ya mringaringa na mruka juu, na mimea ya masale ikionyesha mpaka ambao jirani hauvuki. Hata hivyo tusiupambe mno utaratibu huo. Ulikuwa na wenye sauti na wasio na sauti, wanawake wengi wakiwa katika kundi la pili ijapokuwa ndio waliochota maji. Jambo la kuzingatia ni kwamba matumizi ya maji yalikuwa na kanuni, na kanuni hizo zilikuwa mikononi mwa watumiaji.

Ukoloni ulileta uhifadhi wa namna nyingine. Wajerumani walianza kuutenga msitu wa Kilimanjaro kuwa msitu wa akiba, Waingereza wakaendelea, na mwaka 1941 ukanda wa nusu maili kandokando ya vihamba ukawekwa ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani zaidi. Upande wa pili wa Arusha, Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959 na eneo la Ngorongoro likaanzishwa kwa utaratibu wa watu na wanyama kuishi pamoja. Miaka miwili baadaye, Septemba 1961, wakati uhuru umebaki miezi mitatu, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mjini Arusha tamko lililoahidi kwamba serikali mpya italinda wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, likaomba pia msaada wa mataifa mengine katika kazi hiyo. Taifa changa likawa limeurithi uhifadhi, na hifadhi zikaongezeka. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya migogoro ya mazingira tunayoisikia kaskazini mwa nchi ina mizizi katika kipindi hicho, ambapo asili ililindwa kwanza dhidi ya mwananchi, na swali la mwananchi kuwa mlinzi likaja baadaye sana.

Huko kwenye nchi za viwanda mambo yalisukumwa zaidi na sumu. Moshi mzito ulioifunika London Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Mwaka 1962 mwanabiolojia wa Marekani, Rachel Carson, alieleza kwa lugha ya watu wa kawaida jinsi dawa za kuulia wadudu kama DDT zinavyosambaa na kuua visivyokusudiwa. Kufikia mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wa mazingira Stockholm, ambao ulizaa shirika lake la mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi.

Afrika haikusubiri semina. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianza na wanawake wa vijijini Kenya kazi ya kupanda miti iliyokuja kujulikana kama Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, baada ya kupigwa na kufungwa kwa kupinga unyakuzi wa ardhi ya umma. Nchini Nigeria, Ken Saro-Wiwa aliyepinga uharibifu wa mafuta katika ardhi ya Waogoni alinyongwa mwaka 1995. Kwetu Tanzania, mfano ninaouona bora ni wa wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, ambao katika kesi ya mwaka 1988 waliishtaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya dampo. Walishinda, na halmashauri iliporudi kuomba muda zaidi wa kuendelea kutupa taka, Mahakama Kuu ilikataa kwa hoja kwamba haki ya kuishi haiendani na kuwaweka watu hatarini kwa makusudi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuja kuiandika waziwazi haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, ikaweka pia sharti la tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mingi kuanza. Tathmini hiyo inatakiwa kuwahusisha wananchi, sharti ambalo mtu makini angelitumia kuliko sherehe zote za siku ya kupanda miti, Aprili mosi, ambapo mche hupandwa mbele ya kamera na kuachiwa mbuzi.

Mabadiliko ya tabianchi yameupa uanamazingira sura mpya, na mlima wetu umekuwa nembo yake. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, ingawa wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani kimetokana na joto na kiasi gani na ukavu wa hewa. Picha za barafu hiyo huwavuta watu, lakini maji ya mito na mifongo hayatoki huko kwa kiasi cha maana. Yanatoka katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na moto wa mara kwa mara umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu huo.

Msitu huo uliingizwa rasmi ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kwa sheria ya mwaka 2009 maji yote ni mali ya umma, hivyo watumiaji wa mfongo wanatakiwa kuwa na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi hapa Moshi. Bodi ina hoja, kwa sababu chini kuna wakulima wa mpunga, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme inayotegemea maji yale yale. Mzee ambaye babu yake alichimba mfongo naye ana hoja anapouliza kwa nini alipie maji ambayo ukoo wake ulileta kwa jembe, ilhali kuni za nusu maili hazimhusu tena. Jumuiya za watumiaji maji zimeundwa ili pande hizi zizungumze, na katika vikao vyake hoja ya zamu ya maji hurudi kila kiangazi kinapokaza.