Waridi la jangwani limelala, wewe unalizamisha

Kila Juni ni yaleyale. Mteja anaingia hapa kitaluni Njiro, chungu mkononi: "Kaka, ua langu linakauka, na maji nalimwagia kila siku." Ndiyo maana linakufa, mama.

Dhana hii inanichosha kuliko zote: eti majani yakidondoka, mmea una kiu. Baridi ya Arusha ikiingia, waridi la jangwani hupukutisha majani na kulala. Kwao ni nchi za joto na ukame, kuanzia Saheli hadi Afrika Mashariki na Uarabuni, na maji yake limeshaweka akiba kwenye lile shina nene ambalo wateja wangu huliita tumbo. Likilala, halinywi. Unachomwaga kinabaki kwenye udongo wa baridi, mizizi inaoza.

Juzi mama mmoja kaniletea lake. Nikabonyeza tumbo kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye nyanya mbovu, yakachuruzika maji ya kahawia. Nikakata kipande baada ya kipande hadi nikafika penye nyama nyeupe, nikapaka jivu, nikamwambia alikaushe kivulini wiki nzima kabla ya kulipanda tena. Akauliza: "Leo nilimwagie kidogo?"

Jamani, bonyezeni! Tumbo gumu, liache. Limesinyaa, lina mikunjo na udongo ni mkavu, hilo ndilo lenye kiu. Likibonyea na kutoa majimaji, leta kisu.

Wengine wanakwenda upande wa pili: la jangwani, basi halitaki maji kabisa. Uongo. Januari, kwa jua la Moshi, likiwa na majani, mwagilia hadi maji yatoke chini, subiri udongo ukauke, rudia.

Udongo mweusi na samadi tele waachie mchicha. Hapa mchanga mnene na changarawe vizidi nusu, na chungu kiwe na tundu. Vile vya urembo visivyo na tundu natoboa mwenyewe kabla sijauza.

Kuligusa hakuui mtu. Ila utomvu ni sumu kweli, wawindaji walipaka kwenye mishale, kwa hiyo ukikata tawi nawa mikono, na mtoto asitafune.

Na hilo tawi ulilokata kwa jirani litashika, sikatai, lakini usitegemee tumbo nene kama la mche wa mbegu. Miche ya mbegu ninayo.