Sauti usingizini na kumbukumbu za uzeeni: maswali kutoka Tanga

Simu nyingi za mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, siku hizi zinapokezana video za mvumo wa usiku kucha, zikidai kwamba mzee akilala nazo hatasahau tena. Nyuma ya dai hilo upo utafiti wa kweli, ila umetufikia nusunusu.

Kweli sauti inaweza kumsaidia mzee akumbuke?

Imeonekana maabara, tena kwa watu wachache. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliwalaza watu 13 wenye miaka 60 hadi 84. Jioni walikariri jozi za maneno, asubuhi wakaulizwa. Usiku mmoja walipigiwa sauti fupifupi wakiwa usingizini, usiku mwingine hawakupigiwa. Baada ya usiku wa sauti, kumbukumbu zilipanda takriban mara tatu zaidi ya usiku wa kimya.

Inavutia. Lakini watu 13 hawajazi hata daladala, na huo ulikuwa usiku mmoja tu wa sauti. Isitoshe, utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2020 ulijaribu njia ya namna hiyo kwa watu wa makamo na kumbukumbu zao hazikuongezeka, ingawa kwa vijana ilifaulu mwaka 2013. Mimi bado siiti tiba.

Sauti hiyo inafanya nini hasa kichwani?

Tukiwa kwenye usingizi mzito, ubongo hutoa mawimbi ya umeme makubwa na ya polepole, takriban moja kwa sekunde. Ndipo mambo ya mchana yanapohamishwa kutoka hipokampasi, sehemu inayoyapokea kwanza, kwenda tabaka la nje la ubongo ambako hukaa muda mrefu. Umri ukisogea, mawimbi hayo hupungua nguvu.

Kwa hiyo kifaa cha watafiti husoma mawimbi kwa elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme wa ubongo vilivyobandikwa kichwani, na wimbi linapopanda hupiga mvumo mfupi mno, kama sehemu ya ishirini ya sekunde. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma anapoondoka anapaa, ukisukuma anapokujia unamsimamisha.

Basi nikiacha video au redio usiku kucha?

Simu haijui wimbi lako liko wapi, inavuma tu. Mvumo uliotulia, kama wa feni, unaweza kukufunikia kelele za nje, na hilo si haba. Redio ya mazungumzo, au video inayokatizwa na matangazo, itakuzindua.

Mwanangu, mimi nalala mara baada ya Isha, na adhana ya Alfajiri huniamsha. Inaniharibia kumbukumbu?

Shikamoo, bibi. Hapana, usijitie wasiwasi. Sehemu kubwa ya usingizi mzito hupatikana theluthi ya kwanza ya usiku. Kwa anayelala saa mbili, ni hadi kama saa tano hivi. Kufikia Alfajiri umeshaupata. Kinachokuibia ni spika za shughuli ya mtaani zinazorindima saa nne za usiku, na hapo sina haya kusema: wenye shughuli wapunguze sauti, wazee wamelala.

Duka la dawa waliniuzia Piriton nipate usingizi. Niendelee?

Usiendelee kabla ya kumwona daktari. Piriton ni dawa ya mzio (aleji) inayoleta usingizi, na dawa za kundi hilo zinaweza kumchanganya mzee akili, kumletea usahaulifu na kumwangusha akiamka kwenda msalani. Diazepam nayo humlaza mtu, lakini hupunguza usingizi mzito uleule tunaoutafuta.

Na kahawa ya barazani?

Kunywa asubuhi. Ile ya jioni, hata kama unalala vizuri tu, huupunguza usingizi mzito, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi.

Baba anakoroma, halafu ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akihema. Sasa anasahau hata njia ya nyumbani. Tumnunulie hicho kifaa?

Pesa hiyo itumieni kumpeleka hospitali. Kukoroma kwa namna hiyo huenda ni pumzi inayokatika usingizini. Ubongo hukosa oksijeni na usingizi hukatikakatika. Tatizo hilo hutibika. Kupotea njia aliyoizoea si uzee wa kawaida. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, wao watawapa rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa, ikihitajika. Apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na usikivu, aulizwe pia kuhusu huzuni. Aende na mtu anayelala naye nyumba moja, kwa sababu yeye mwenyewe hajisikii akikoroma. Bebeni na dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwemo.