Swali la maandishi bungeni: jinsi ya kulisoma jibu la wizara

Ukisikia mbunge ameuliza swali, picha inayokujia ni ya ukumbi uliojaa, waziri amesimama mbele ya kipaza sauti na meza zinapigwa. Hiyo ndiyo sehemu inayoonyeshwa kwenye televisheni. Kazi yangu iko upande mwingine. Mimi husoma maswali ambayo hayatamkwi ukumbini hata kidogo, yanayopelekwa wizarani kwa maandishi na kurudi na majibu ya maandishi. Nimeyasoma kwa miaka mingi, na naamini chombo hiki kina nguvu kuliko wananchi wengi wanavyodhani, kwa sababu jibu lake linabaki. Maneno ya mdomoni yanaweza kukanushwa kesho yake kwamba yalinukuliwa vibaya. Jibu lililoandikwa, waziri akalipitisha, likaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, litasomwa miaka kumi baadaye na mkaguzi, jaji au mwandishi wa habari, neno kwa neno kama lilivyotoka.

Kuuliza si jambo la jana. Swali la kwanza linalokumbukwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721, katika Baraza la Malodi. Earl Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba Robert Knight, mtunza fedha wa South Sea Company aliyetoroka nchi baada ya kashfa ya kampuni hiyo, amekamatwa huko Brussels. Litazame swali lile lilivyoumbwa: mtu mmoja, tukio moja, mahali pamoja. Aliyeulizwa hakuwa na pa kupenyea. Karne tatu zimepita, na swali zuri bado lina umbo hilohilo.

Kanuni zinatofautiana bunge kwa bunge. Uingereza mbunge anaweza kutaja siku anayotaka kujibiwa, ila maswali ya namna hiyo yasizidi matano kwa siku. Canada anaruhusiwa kuwa na maswali manne kwenye orodha kwa wakati mmoja, na anaweza kudai jibu ndani ya siku 45. Siku zikiisha bila jibu, ukimya huo wenyewe unapelekwa kwenye kamati. Ufaransa waziri ana miezi miwili. Bunge la Ulaya linatoa wiki tatu kwa swali la kipaumbele na sita kwa mengine. Katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, orodha ya siku moja inaweza kubeba maswali 20 ya kujibiwa kwa mdomo na 230 ya maandishi. Hesabu hiyo ya India inasema mengi, maana saa ya maswali mara nyingi huisha hata hayo 20 hayajamalizwa. Septemba 2020, korona ilipofanya kipindi cha maswali ya mdomo kiondolewe katika mkutano mzima wa Bunge hilo, maswali ya maandishi yaliendelea kujibiwa.

Tulifuate sasa swali moja mpaka ndani ya wizara. Kwanza ofisi ya Bunge hulikagua: lisiwe hotuba iliyovaa alama ya kuuliza, lisirudie jambo lililojibiwa juzi, lihusu mambo ambayo wizara hiyo ina mamlaka nayo, lisiguse kesi iliyoko mahakamani. Likivuka hapo linatua kwenye meza ya afisa anayeshughulikia mambo ya Bunge, na tarehe ya mwisho imeandikwa juu yake. Afisa huyo analipeleka kwa idara husika. Idara inafungua mafaili, inapiga simu kwenye ofisi za chini, inaomba takwimu. Rasimu inapanda kwa mkurugenzi, inapitiwa na mwanasheria, inafika kwa katibu mkuu, halafu kwa waziri.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu faida kubwa ya swali mara nyingi hupatikana kabla jibu halijatoka. Kuna mtu, mahali fulani katika jengo lile, amelazimika kuhesabu kitu ambacho hakuna aliyewahi kukihesabu. Mkurugenzi ameona kwa mara ya kwanza kwamba mradi uliotajwa kwenye taarifa tatu zilizopita haujaanza. Wapo maafisa wanaoharakisha kurekebisha kasoro wiki hiyohiyo ili jibu lisomeke vizuri. Sioni ubaya wowote katika hilo. Kama barabara imekarabatiwa kwa sababu kuna swali lililokuwa linasubiri, barabara imekarabatiwa.

Sasa twende kwenye maneno yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wabunge wengi wanapopoteza nafasi zao. Kiswahili kina maumbo ya maswali yanayompa waziri njia ya kutokea. La kwanza ni "Je, Serikali haioni umuhimu wa…" Jibu lake liko tayari kabla ya swali kumalizika: Serikali inaona umuhimu. La pili ni "Je, Serikali ina mpango gani wa…" Hakuna wizara isiyo na mpango. Chukua mfano huu wa kutunga. Mbunge anauliza: "Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma ya magari ya wagonjwa?" Atajibiwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa huduma hiyo, na itaendelea kuiboresha kadiri fedha zitakavyopatikana. Hakuna uongo hata kidogo katika jibu hilo. Hakuna habari pia.

Mbunge mwingine anaandika hivi: "Wizara ilinunua magari mangapi ya wagonjwa katika mwaka wa fedha uliopita, mangapi kati ya hayo yalikuwa yanafanya kazi tarehe 1 ya mwezi uliopita, na yasiyofanya kazi yameegeshwa wapi na kwa sababu gani?" Jibu linarudi: "Wizara ilinunua magari 64 na yote yalikabidhiwa katika mikoa husika." Kwa haraka linaonekana limeshiba. Lisome tena ukiwa na swali pembeni. Aliuliza mangapi yanafanya kazi, akaambiwa yalikabidhiwa. Gari likikabidhiwa asubuhi na kuharibika jioni, jibu bado ni la kweli. Aliuliza yameegeshwa wapi, na sehemu hiyo imerukwa kabisa. Kile kitenzi "yalikabidhiwa" ndicho kinachostahili kupigiwa mstari kwa kalamu, maana swali linalofuata litazaliwa pale.

Nina mazoea ya kuvizia vitenzi vya namna hiyo. "Imeelekezwa", "limefanyiwa kazi", "yamechukuliwa": vitenzi vya kutendwa, ambamo mtendaji hatajwi. Nani alielekeza? Lini? Kwa barua ipi? "Inaendelea" ni neno jingine la kuliangalia kwa makini, kwa kuwa halina mwanzo wala mwisho. Na "mchakato uko katika hatua za mwisho" huwa nalitafuta kwenye majibu ya miaka ya nyuma ya wizara hiyohiyo. Mara kadhaa nimekuta hatua za mwisho zilizodumu kwa miaka minne.

Majibu ya namna hii yanaweza kugharimu zaidi ya usumbufu. Mfano ninaoufundisha kila mwaka ni wa Uingereza, kuhusu uuzaji wa vifaa vya kijeshi nchini Iraq. Mwaka 1985 Serikali ililitangazia Bunge miongozo iliyozuia mauzo ya aina fulani kwa Iran na Iraq. Desemba 1988 mawaziri wadogo watatu walikubaliana kuilegeza kwa upande wa Iraq, na Bunge halikuambiwa. Wabunge waliendelea kuuliza, na majibu yakaendelea kurejea miongozo ileile ya 1985 kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mambo yalifumuka mwaka 1992, kesi ya jinai dhidi ya wakurugenzi wa Matrix Churchill, kampuni iliyouza mitambo kwa Iraq, ilipoanguka mahakamani. Jaji Richard Scott akapewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ilitoka Februari 1996. Aliyaweka majibu yale mezani, moja baada ya jingine, na kuonyesha kwamba hayakulieleza Bunge sera ilivyokuwa kwa kweli. Kumbuka alikuwa na nini mkononi: maswali ya wabunge yenye tarehe, na majibu ya mawaziri yenye tarehe. Kama yangekuwa maongezi ya ukumbini tu, mnyororo ule usingeungika kwa uhakika kiasi kile. Machi 1997 Bunge lilipitisha azimio kwamba waziri anayelipotosha Bunge kwa makusudi anatarajiwa kuomba kujiuzulu.

Ireland ilipata funzo la aina hiyo miaka hiyohiyo. Jaji Liam Hamilton, aliyeongoza uchunguzi mrefu wa biashara ya nyama ya ng'ombe uliokamilika mwaka 1994, alisema kwamba maswali ya wabunge yangejibiwa bungeni kama yalivyojibiwa mbele yake, uchunguzi wenyewe usingehitajika.

Kuna pia majibu yanayokataa waziwazi, na si yote mabaya. Usalama wa taifa, faragha ya mgonjwa, mazungumzo ya mkataba ambayo hayajakamilika: wizara inaweza kuwa na haki ya kunyamaza. Uingereza imeweka pia kikomo cha gharama. Kama kutafuta taarifa kutagharimu zaidi ya pauni 850, wizara inaweza kusema gharama haiendani na faida. Mbunge mjanja hukata swali lake vipande, akaomba mwaka mmoja badala ya kumi. Jibu la "takwimu hizo hazikusanywi" nalo lipokee kama habari, tena habari nzito. Wizara inayosimamia jambo imekiri kwa maandishi kwamba haijui ukubwa wa jambo hilo, na swali linalofuata ni kwa nini haikusanyi, na itaanza lini.

Kukataa kukikosa sababu, mahali pengine kunafikishwa mahakamani. Ujerumani, wabunge wa chama cha Kijani waliuliza mwaka 2010 kuhusu shirika la reli, Deutsche Bahn, na kuhusu usimamizi wa benki. Serikali haikutoa majibu kamili. Miongoni mwa hoja zake, ilisema shirika la reli linaendeshwa kama kampuni ya binafsi, kwa hiyo shughuli zake si za kujibiwa na Serikali. Tarehe 7 Novemba 2017 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho iliamua kwamba haki za wabunge zilikuwa zimevunjwa. Kampuni ambayo hisa zake zote ni za dola haiwi kichaka cha Serikali kujificha, na anayekataa kujibu lazima aeleze sababu. Miaka saba ni mirefu. Hata hivyo uamuzi ule unamlinda kila mbunge wa nchi ile atakayeuliza baada yao, wa chama chochote.

Nimetaja chama kwa sababu wengi hudhani kuuliza ni kazi ya upinzani. Feroze Gandhi alikuwa mbunge wa chama tawala nchini India, tena mkwe wa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, alipolishupalia suala la fedha za shirika la bima la taifa kuwekezwa katika kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra mwaka 1957. Majibu ya mwanzo yalizunguka pembeni, naye hakuliacha. Februari 1958 Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, alijiuzulu.

Kutoliacha ndiko ninakomwomba kila mbunge ninayekaa naye. Swali la kwanza hupima kina cha maji. La pili, linalonukuu jibu la kwanza kwa tarehe na kuuliza kilichorukwa, ndilo linaloibana wizara. Kwa masikitiko yangu, maswali mengi ninayoyasoma hayana la pili. Mbunge amepata jibu, amelituma kwa wapiga kura wake, na safari imeishia hapo.

Wewe mwananchi unaingia wapi? Unaingia mwanzoni kabisa. Mbunge hawezi kuuliza jambo mahususi kama alicholetewa ni lalamiko la jumla. Ukimwambia zahanati haina dawa, atauliza Serikali ina mpango gani, na jibu lake tumeshaliona. Mpelekee jina la zahanati, jina la dawa, tarehe uliyoikosa na tarehe uliyoambiwa urudi. Kama kuna kibao cha mradi kimesimama na ujenzi umelala, kipige picha ili namba ya mkataba, jina la mkandarasi na tarehe ya kukamilika visomeke. Jibu likitoka, mwombe akupe nakala ya swali pamoja na jibu, vyote viwili. Viweke sambamba, uweke alama kwenye kila sehemu ya swali iliyojibiwa. Zile zilizobaki bila alama, mrudishie kabla orodha ya maswali ya mkutano unaofuata haijafungwa.