Kuhimili na msaada wa maafa: tusivichanganye

Kuhimili mabadiliko ya tabianchi ni kupanga makazi, kilimo na miundombinu mapema, ili ukame, mafuriko au bahari inayopanda visivunje maisha ya watu. Maana ni hiyo. Lakini hapa Dodoma, ambako wizara zimehamia na semina haziishi, kila mara nasikia taarifa za kugawa mahema, unga na mablanketi zikisomwa chini ya kichwa cha "kuhimili". Huo ni msaada wa maafa. Ni kazi njema na ya lazima, ila huanza maji yakiwa yameshaingia ndani.

Tofauti hii huonekana vizuri kwenye delta, yaani pale mto unapogawanyika ukiingia baharini, kama Rufiji. Ardhi ya delta imejengwa na tope la mto. Mafuriko yakileta tope, shamba hupata rutuba na ardhi huinuka. Tope likikatika, ardhi hudidimia huku bahari ikipanda. Kwa hiyo mkulima wa Rufiji hana sababu ya kuombea mafuriko yakome kabisa. Wenyeji wa bonde lile walilima mpunga wa mafuriko, wakajenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo ndefu, na maji yalipopungua wakapanda mahindi kwenye unyevu uliobaki. Walikuwa wakihimili kabla ya semina yoyote.

Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vipya vya miinuko. Nyumba zikawa salama, mashamba yakabaki bondeni, na msimu ulipofika watu wakarudi kwenye madungu. Mpango ulitazama paa ukasahau riziki. Hata leo naona mipango ya kuhamisha watu ikirudia kosa hilohilo.

Bangladesh iliidhinisha mwaka 2018 mpango wa delta unaofika 2100. Urefu wake unanivutia, lakini zaidi linanivutia lile sharti la kuurekebisha kadiri hali inavyobadilika. Mradi unaokoma fedha za mfadhili zikiisha hauwezi kufanya hivyo.

Na wanaoniambia kwamba delta ni mambo ya pwani waufuate mto. Mto Kizigo hukusanya maji ya huku kati na kuyamwaga Ruaha Mkuu, kwenye bwawa la Mtera. Kutoka hapo maji hupita Kidatu, huingia Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere, na kila bwawa hubakiza sehemu ya tope. Kilimo cha kingo za mito Manyoni na ratiba ya kufungua mageti, vyote vinamhusu mtu wa Kibiti, kule kwenye delta.

Basi ndugu yangu unayeandaa taarifa, mahema yaandike kwenye msaada wa maafa, yanastahili nafasi yake huko. Kwenye kuhimili tuandikie nani atalima wapi mwakani, kwa mbegu ipi, na nani atawapa taarifa watu wa bondeni kabla mageti hayajafunguliwa.