Wastani wa 10.75 wa George Lohmann

Katika kriketi, kati ya warushaji wote waliofikisha wiketi 100 (yaani kuwatoa wapigaji 100) katika mechi za Testi, zile za siku kadhaa kati ya mataifa, anayeongoza kwa wastani mdogo, yaani mikimbio (alama) aliyotoa kwa kila wiketi, ni George Lohmann wa klabu ya Surrey, Uingereza: wiketi 112 kwa mechi 18, kila moja kwa mikimbio 10.75. Takwimu hiyo ni sahihi, ila lazima uipasue kwanza.

Wiketi 35 alizipata katika mechi tatu tu nchini Afrika Kusini mwaka 1896, kwa wastani wa 5.80. Port Elizabeth alichukua 8 kwa mikimbio 7, Johannesburg 9 kwa 28. Wapinzani walikuwa dhaifu. Ziondoe hizo, zinabaki 77 dhidi ya Australia kwa wastani wa 13 hivi, na kwangu hizo ndizo zenye uzito.

Hakutegemea kasi. Alirusha kwa mwendo wa kati, mkono wa kulia, akibadilisha mwinuko wa mpira bila mkono wake kumsaliti. Mpira alioupunguzia kasi kidogo ulichelewa kufika. Mpigaji alikuwa ameshazungusha gongo, akaupiga juu, akadakwa. Pichi, ule ukanda wa ardhi ambapo mpira hudunda, nazo hazikufunikwa. Mvua ikinyesha kisha jua likatoka, tabaka la juu hukauka huku chini kukiwa bado laini, basi mpira hunata, halafu huruka au kukata kona ghafla. Hapo Lohmann alikuwa balaa: misimu ya 1888, 1889 na 1890, kila mmoja alivuka wiketi 200, ukihesabu mechi zote za daraja la kwanza, si za Testi pekee.

Mwaka 1892 kifua kikuu kilimkamata, ndiyo maana alikwenda Afrika Kusini kutafuta hewa kavu.

Malipo ndiyo yaliyofunga ukurasa wake wa Testi. Agosti 1896, kabla ya mechi na Australia uwanjani The Oval, London, wachezaji watano wa kulipwa wa Uingereza walidai pauni 20 badala ya 10. Ikumbukwe kwamba waungwana, wale waliosemekana kucheza bila malipo, walirudishiwa gharama, na wenzao wa kulipwa walizitilia shaka gharama hizo. Abel, Hayward na Richardson walilegeza msimamo wakacheza. Lohmann na Gunn walikataa, wakaachwa. Lohmann alikuwa na miaka 31. Uingereza haikumwita tena.